Robert Smalls na Jamaa Yake

Katika mji wa Beaufort, jimbo la South Carolina, Marekani, nyuma ya nyumba kubwa ya bwana mmoja aitwaye McKee, palikuwa na kibanda cha watumwa. Humo alizaliwa Robert Smalls, tarehe 5 Aprili 1839. Mama yake, Lydia, alikuwa mtumishi katika nyumba ile. Kwa sheria ya siku zile mwili wake haukuwa mali yake, wala mtoto aliyemzaa hakuwa wake.

Robert alipopata umri wa miaka 12 alipelekwa Charleston, mji wa bandari, kufanya kazi ya ujira. Alitumika hotelini, akawasha taa za njiani, akapakia shehena gatini, akashona matanga, na mwisho akajua kushika usukani. Aliyajua mafungu yote ya mchanga na mikondo yote ya maji katika bandari ile. Kazi hiyo ilikuwa kazi ya rubani hasa, lakini mtumwa hakupewa jina hilo la heshima. Ujira wake mwingi ulichukuliwa na bwana wake, naye aliachiwa kidogo mno.

Mwaka 1856 akamwoa Hannah, mtumishi wa hotelini, mtumwa kama yeye. Wakapata binti, Elizabeth, na bwana wake Hannah akawa bwana wa mtoto pia. Basi Robert akaingiwa na hofu: je, siku moja wakiuzwa mbali, atawaona wapi tena? Akamwendea yule bwana, akamwomba amwuzie mkewe na mtoto wake. Akaambiwa, dola 800. Robert alijinyima kwa muda mrefu, walakini akiba yake ilikuwa dola 100 tu.

Mwaka 1861 majimbo ya Kusini, yaliyotaka kudumisha utumwa, yalianza kupigana na serikali ya Marekani. Smalls akawekwa kushika usukani katika Planter, merikebu ya moshi ya jeshi la Kusini. Nje ya bandari zilikaa manowari za serikali, zikizuia njia. Robert alikuwa akiziona kila siku. Akamfunulia Hannah shauri lake, wala hakumficha kwamba wakikamatwa watauawa. Hannah akajibu kwamba atakwenda pamoja naye, na kama ni kufa watakufa pamoja.

Usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei 1862, nahodha na wasaidizi wake walishuka pwani kulala, ijapokuwa amri ya jeshi ilikataza. Kama saa tisa za usiku Smalls na mabaharia wenziwe, watumwa wote, wakachochea moto, wakang'oa nanga. Hawakukimbilia baharini mara moja; kwanza walikwenda mahali walipojificha wake na watoto wao, wakawapakia. Kisha Smalls akavaa kofia pana ya nahodha, akasimama juu kwa namna aliyozoea kusimama yule bwana. Kila walipopita ngome alipiga filimbi ya merikebu kwa ishara waliyoijua walinzi. Ngome ya mwisho, Sumter, waliifikia kukipambazuka. Laiti wangalikwenda mbio, wangalishukiwa. Kwa hiyo walikwenda polepole. Ishara ikakubaliwa, wakapita.

Walipokwisha kuepukana na mizinga walishusha bendera ya Kusini, wakapandisha shuka nyeupe aliyoichukua Hannah, maana manowari za serikali zilikuwa tayari kuwapiga. Watu 16, wanaume, wanawake na watoto, wakawa huru asubuhi ile.

Serikali ilimpa Smalls dola 1,500 katika thamani ya merikebu ile, na baadaye akafanywa nahodha wa Planter hiyo hiyo. Alikuwa hajui kusoma, akajifunza ukubwani. Ile nyumba kubwa ya Beaufort, iliyokuwa ya bwana wake, ilichukuliwa na serikali kwa sababu ya kodi isiyolipwa, naye akainunua. Mwenyewe wa mwisho akamshitaki. Mashitaka yakafika mpaka baraza kuu la hukumu la Marekani mwaka 1878, na Smalls akashinda. Mama yake, aliyefagia nyumba ile miaka mingi, akakaa humo kama mama wa mwenye nyumba.

Husimuliwa Beaufort kwamba mke wa bwana wake wa zamani, alipokuwa mzee na akili zimempotea, alirudi akabisha mlango, akidhani kwamba nyumba bado ni yake. Smalls hakumfukuza, bali alimkaribisha ndani, akamtunza. Ni vigumu kusema nani katika mji ule angalimlaumu kama angalimfungia mlango.

Mwaka 1868, katika mkutano wa kutunga sheria kuu ya South Carolina, alishikilia kwamba watoto wote wapewe shule bila malipo. Kisha watu walimchagua mara kadhaa aende katika Bunge la Marekani, akaingia mara ya kwanza mwaka 1875. Hannah alifariki mwaka 1883. Smalls alioa tena mwaka 1890, akapata mtoto wa kiume, na kwa miaka mingi alisimamia forodha ya Beaufort, mpaka mwaka 1913. Alifariki tarehe 23 Februari 1915, katika nyumba ile ile, hatua chache tu kutoka mahali pale kilipokuwa kibanda cha Lydia.