Mlenda Mezani, Mkopo Mlangoni

SAFU YA SHANGAZI

Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 28, fundi pikipiki hapa Kintinku, wilaya ya Manyoni. Nilioa mwaka jana. Mke wangu ana miaka 24, kwao ni Muheza, na sasa ana mimba ya miezi mitano. Tunaishi chumba na sebule, tuna ua wetu na mwembe mmoja.

Maisha yetu ni ya kawaida na mimi nayapenda. Tunakula ugali wa uwele na mlenda wa karanga, siku nyingine maharage, na nikipata hela nanunua perege au kambale wanaotoka Bahi. Jumapili wali. Kiangazi hiki joto likizidi tunatandika mkeka nje. Mke wangu anapika pale uani kwenye mafiga, mimi nakaa naye tunapiga stori, tunakunywa ubuyu aliotengeneza mwenyewe. Tukishakula tunatembea taratibu hadi stesheni kupunga upepo, tunarudi. Usiku mwingine tunalala hapo hapo nje. Sijawahi kuonja raha kama hii.

Mwezi wa nane alikuja shemeji yangu, dada yake mkubwa anayeishi Dar es Salaam. Alikaa siku mbili. Siku ya kuondoka nilimsikia akimwambia mke wangu: "Yaani mdogo wangu umeolewa ili uje kula majani makavu na kulala nje kama mbuzi?" Tangu siku hiyo mke wangu amebadilika. Anapika kimya, akimaliza anaingia ndani. Nikimuuliza ana nini anasema hakuna kitu.

Desemba mama mkwe anakuja kwetu kwa mara ya kwanza. Nimeona bora nikope niondoe aibu: friji, kochi, meza ya kulia na jiko la gesi la kisasa. Kuna watu wa kausha damu wako tayari kunipa 1,200,000 kwa dhamana ya vifaa vyangu vya kazi, nirudishe 20,000 kila siku kwa siku 90. Rafiki yangu anasema mwanamume lazima ajilipue. Shangazi, nikope?

Fundi wa Kintinku

*

Mwanangu,

Nianze na mkopo, maana hao watu wanakusubiri na mama mkwe bado hajakata tiketi. Usikope.

Kaa chini upige hesabu. Shilingi 20,000 kwa siku 90 ni 1,800,000. Umepewa 1,200,000, kwa hiyo unawaachia 600,000 katika miezi mitatu, na kochi lako halitakuwa limekuingizia hata shilingi mia. Ukichukua hizo fedha Novemba, utakuwa unarejesha mpaka Februari. Wewe unaishi Kintinku, unajua miezi hiyo ilivyo. Mvua yenu ni ya msimu mmoja, inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba. Watu wote wako shambani, hela imeishia kwenye mbegu na vibarua, akiba ya mwaka jana inaelekea ukingoni, na mavuno ni hadi Mei huko. Mwenye bodaboda ambaye leo anakuletea pikipiki kwa kelele ndogo tu ya cheni, Januari ataifunga kwa waya na kuendelea. Marejesho ya kila siku hayajui masika wala kiangazi. Siku utakayokosa watachukua spana zako, na fundi asiye na spana atarejesha kwa kitu gani?

Ujue pia kwamba Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali chake. Kwa hiyo siku utakapohitaji kukopa kwa jambo la maana, kama mashine ya kujaza upepo au akiba ya vipuri, omba uone leseni kwanza, na urejeshe kwa kipato cha hicho ulichokinunua. Huyo rafiki anayekuhimiza ujilipue hatakuwepo siku ya marejesho.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niirudie barua yako. Ina maneno ya shemeji, ina maneno ya rafiki, ina maneno yako mengi mazuri. La mke wako ni moja tu: "hakuna kitu". Wewe umeshaamua kwamba anaona aibu kwa sababu ya mlenda na mkeka, na umeshapanga kuitibu kwa friji. Lakini yeye hajasema hivyo. Huenda amekasirishwa na dada yake kwa ajili yako, hajui akwambie vipi bila kumchongea ndugu yake. Huenda ameikumbuka Muheza. Huenda amechoka. Mimi nikisoma kwa makini naona kuchoka kuna nafasi kubwa, na nitakwambia kwa nini.

Umeandika kwamba anapika kwenye mafiga, wewe unakaa naye mnapiga stori. Hapo ndipo raha yako ilipo, na naiamini, ni raha ya kweli. Ila raha hiyo ina kazi nyuma yake, na kazi yote iko upande mmoja. Kuna mtu amekwenda kuni, amechota maji, amepeta uwele, amekaanga karanga akazitwanga, ameinama kwenye moshi wa mafiga matatu akiwa na tumbo la miezi mitano, na bado ameloweka ubuyu ili wewe upoe koo. Moshi wa kuni unamuumiza mama, na Shirika la Afya Duniani linauhusisha na watoto kuzaliwa na uzito mdogo. Shemeji yako alitukana chakula, na alikosea. Lakini inawezekana aliona mgongo wa mdogo wake ukiuma akakosa namna ya kulisema hilo.

Kwa hiyo katika orodha yako ya vitu vinne, kimoja nakipitisha: jiko. Usinunue kubwa la kuonyesha wageni. Nunua mtungi mdogo wa kilo 6 ule unaobeba kichomeo juu yake. Bei yake haifiki marejesho ya wiki moja ya kausha damu, na unaweza kuidunduliza mwenyewe kabla ya Desemba. Kama gesi ya kujaza itakusumbua, tafuta jiko banifu linalokula kuni chache, moshi upungue. Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Mtoto wako hawezi kusubiri hadi huo mwaka. Na jioni ya leo, kabla jiko halijanunuliwa, songa ugali wewe. Ukiweza kufungua injini ya pikipiki ukairudisha bila kubakiza nati, uwele hautakushinda.

Kuhusu majani makavu, naomba niseme kwa kirefu, kwa sababu kauli ile imeniuma na mimi.

Nchi ya Wagogo, na Kintinku imo, inapata mvua kwa miezi minne au mitano, kisha jua linabaki peke yake. Mlenda unaota mwingi wakati wa masika, kila mahali, hadi njiani. Wanawake wa huko waliuchuma wakati ule wa wingi, wakauanika, wakautwanga, wakauhifadhi, ili Oktoba ardhi ikiwa imepasuka nyumba iwe na mboga. Maarifa haya yalilipiwa kwa njaa. Kati ya mwaka 1917 na 1920 Ugogo ulipita katika njaa iliyoitwa Mtunya, baada ya majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza kuchukua ng'ombe na nafaka za watu kwa ajili ya vita vyao, na mvua nayo ikakataa. Mathias Mnyampala, mshairi mkubwa wa Kiswahili, alizaliwa katika nchi hiyo mwaka 1917, Mtunya ukiwa unaanza, na mwaka 1954 kikatoka kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo. Watu wenye kumbukumbu kama hiyo hawakaushi mboga kwa kukosa ustaarabu. Leo mlenda unauzwa katika migahawa ya Dodoma mjini, na wafanyakazi wa ofisi za serikali wanaununua mchana na ugali wa mtama.

Kwa mjamzito, sufuria yenu inafaa kuliko anavyodhani shemeji. Uwele una madini ya chuma mengi kuliko mchele mweupe, karanga zina protini na mafuta, na ubuyu una vitamini C nyingi inayousaidia mwili kuyafyonza madini hayo. Anywe ubuyu pamoja na chakula. Chai ya majani aitenge, asinywe na mlo, kwa kuwa inazuia chuma kisifyonzwe. Lakini mlenda peke yake hautoshi kila siku: ongezeni yai, maharage, dagaa au huyo perege, na vidonge vya kliniki asiviache. Karanga mzichambue kwa mkono kabla ya kutwanga, mkitupa zenye ukungu, zilizosinyaa na zilizobadilika rangi. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu kama huo, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Mkilala nje, fungeni chandarua kwenye matawi ya mwembe, maana mko jirani na mabonde ya mpunga, na malaria kwa mwenye mimba ni hatari kubwa.

Friji nalo liweke kando kwa sasa. Kiangazi chenu ni kikavu, na mtungi wa udongo hufanya kazi vizuri kwenye hewa kavu yenye upepo: maji yanapenya kidogo kidogo kwenye udongo, yanakauka kwa nje, yanaondoka na joto. Uweke kivulini, juu ya mchanga uliolowana, mdomo ukifunikwa kwa kitambaa safi. Ubuyu uuchanganye na maji hayo, uuchuje vizuri, utie sukari kidogo na iliki iliyotwangwa, uunywe siku hiyo hiyo. Nimeunywa katika nyumba nyingi za ukanda huo wa kati na sijawahi kutamani barafu.

Sasa mama mkwe. Mwanangu, mzazi anayetoka Muheza hadi Kintinku anapita Dodoma nzima kuja kuangalia jambo moja: binti yangu anatunzwaje? Kochi halitamjibu. Atamtazama mtoto wake usoni, atatazama miguu kama imevimba, ataangalia nani anachota maji asubuhi. Akiamka akukute wewe na ndoo, umeshashinda.

Mpokeeni kwa kilicho chenu. Mkoa wa Singida unasifika kwa kuku wa kienyeji hadi Dar es Salaam wanawaagiza, kwa hiyo mchinjie jogoo, ambaye utakuwa umemfuga tangu sasa. Mafuta yawe ya alizeti, vitunguu vya huko huko. Wali upikwe kwa mchele wa bonde la Bahi. Na kando ya kuku, pale pale kwenye mkeka au kwenye meza ya kuazima kwa jirani, uwekwe ugali wa uwele na mlenda wa karanga, bila kuomba radhi. Mwambie mama huu ni mlo wa kwetu, na binti yako ameujua kuliko mimi.

Kisha mwombe mke wako ampigie mama yake simu amwambie aje na nazi mbili tatu kutoka Muheza. Aombe yeye, wewe mkwe usithubutu kumtuma mama vitu. Siku ya pili mama na binti wapike perege wa nazi, nyumba inukie kwao. Mke wako amejifunza chakula chako tangu siku ya kwanza. Je, wewe umewahi kumuuliza ni chakula gani cha kwao anakitamani? Barua yako haikutaja hata kimoja, na mwanamke wa Tanga mwenye mimba bila shaka anacho.

Kwa shemeji usimpeleke mtu wala usimpigie kelele. Yule ni dada wa mke wako na atabaki kuwa dada. Kama mke wako atataka kumjibu, atamjibu mwenyewe. Wewe mwambie mke wako tu kwamba ulisikia, kwamba iliuma, na kwamba hutamgombanisha na ndugu yake. Huenda hadi leo hajui kama ulisikia, na ukimya wake unakulinda wewe.

Leo jioni tandika mkeka. Mketishe mbali na moshi, upike wewe, na wakati ugali unaiva muulize: kuni, maji, chakula, kulala nje, ujio wa mama, kipi kinakuelemea? Akisema kulala nje hakumpendezi tena, mlale ndani. Akisema mlenda umemkinai, badilisheni mboga. Akicheka, na nadhani atacheka akiona unavyousonga huo ugali, usikimbilie kudhani yameisha. Subiri amalize kusema.

Watu wa kausha damu wajibu kesho asubuhi kwamba hapana. Kisha uniandikie mke wako alisema nini.

Shangazi