Dondoo muhimu: Kabla ya kukubali upasuaji wa kupunguza uzito

Puto linalowekwa tumboni si upasuaji. Hutolewa baada ya miezi kadhaa. Kupunguza tumbo ni jambo jingine: daktari hukata takriban asilimia 80 ya mfuko wa chakula, na kipande hicho hakirudi. Njia nyingine, ya kuunganisha utumbo na kifuko kidogo cha juu, huwafaa zaidi wenye kisukari au kiungulia kikali.

Muulize daktari bila aibu: umeshawafanyia wangapi, na nikizidiwa usiku nimpigie nani?

Hatari kubwa ni mshono kuvuja, kutokwa na damu ndani na damu kuganda miguuni. Ukiwa nyumbani, moyo ukienda mbio, homa ikipanda au pumzi ikibana, rudi hospitali saa hiyohiyo; usingoje siku ya kliniki.

Wiki mbili za mwanzo baada ya upasuaji ni supu iliyochujwa, maziwa na uji mwepesi, kwa mafunda madogo. Ugali huja baadaye sana, kitonge kimojakimoja, bila maji ya kushushia. Vitamini B12, madini ya chuma na kalsiamu ni za maisha yote. Diklofenaki, dawa ya maumivu ambayo wengi hujinunulia tu dukani, usiimeze bila idhini ya daktari. Mwanamke aahirishe mimba kwa miezi 12 hadi 18.