Refa Anayesoma Kabla ya Filimbi

Masomo ya kuandaa moyo: Marko 2:23-28, Mathayo 25:1-13, Luka 16:10-12

Safari hii tunaingia uwanjani, tena hatumtazami mfungaji wala kipa. Tunamtazama yule ambaye watu humkumbuka akikosea tu: refa.

Ukikaa pembeni ya uwanja wowote wa shule, iwe huku Kigera, Bunda au Butiama, utasikia kelele zilezile: "Refa, kasome sheria!" Wengi wanaopiga kelele hizo hawajawahi kuzisoma hizo sheria hata siku moja. Lakini wanachosema kina ukweli kuliko wanavyodhani. Refa anatakiwa kusoma kila mwaka, kwa sababu karibu kila mwaka kuna kitu kinabadilika.

Swali letu la leo ni hili: mtu mwaminifu anafanyaje anapojua kwamba sheria anayoisimamia iko njiani kubadilika?

1. Mabadiliko yanatoka wapi?

Sheria za soka ziko 17. Wengi tunadhani zinatungwa na FIFA, au huku kwetu na TFF. Hapana. Zinatungwa na bodi inayoitwa IFAB, iliyoanzishwa London mwaka 1886 na vyama vya England, Scotland, Wales na Ireland. FIFA ilikuja kujiunga mwaka 1913. Leo kura ni nane: FIFA ina nne, na vyama vinne vya Uingereza vina moja moja. Ili sheria ibadilike zinahitajika kura sita. Kwa hiyo FIFA na ukubwa wake wote haiwezi kubadilisha kitu peke yake, na wale wanne nao hawawezi bila FIFA. Lazima wasikilizane.

Bodi hiyo hufanya mkutano wake mkuu mwezi wa pili au wa tatu. Kinachopitishwa huanza kutumika rasmi tarehe 1 Julai. Hapo katikati kuna miezi kama minne. Sheria mpya imeshajulikana, ya zamani bado inafanya kazi. Miezi hiyo ndiyo inayomtofautisha refa na refa. Mmoja anaitafuta taarifa, anausoma waraka, anawauliza waamuzi wenzake, anahudhuria semina. Mwingine anasema, "Mimi nimechezesha miaka kumi, mtanieleza nini?"

2. Mifano mitatu

Mwaka 1992 kipa alikatazwa kudaka kwa mikono mpira aliorudishiwa kwa makusudi na mguu wa mwenzake. Kabla ya hapo timu iliyokuwa inaongoza ilikuwa inapoteza muda inavyotaka: beki anamrudishia kipa, kipa anadaka, anamrushia beki, beki anarudisha tena. Watu walichoka. Sheria ikaja.

Mwaka 2019 goli kiki ilibadilika. Zamani ilikuwa lazima mpira utoke nje ya eneo la penati ndipo uhesabiwe kuwa uko mchezoni. Sasa ukishapigwa na kusogea unakuwa mchezoni, na beki anaweza kuupokea mlemle ndani ya kumi na nane. Wapinzani wanabaki nje mpaka upigwe.

Mwaka 2025 likaja la kipa kukaa na mpira. Sheria ya zamani ilimpa sekunde sita. Akizidisha, adhabu ilikuwa faulo isiyo ya moja kwa moja, tena ndani ya eneo lake la hatari. Unajua kilichotokea? Marefa wengi hawakuitoa. Waliona adhabu ni kubwa mno kwa kosa lenyewe, basi wakafumba macho, na makipa wakajua kwamba hakuna atakayewagusa. Sheria ikabaki kwenye kitabu tu. Sasa kipa ana sekunde nane. Refa anaanza kuhesabu kipa akishaumiliki mpira vizuri, na zile tano za mwisho anazionyesha kwa mkono ulioinuliwa, ili kila mtu azione. Zikipita, wapinzani wanapewa kona.

Hebu tutulie kidogo kwenye mfano huu wa tatu. Waliobadilisha waliongeza muda na wakapunguza adhabu, ili sheria iweze kusimamiwa kweli. Tena wakamtaka refa aonyeshe hesabu yake waziwazi, kipa asije akaadhibiwa kwa kushtukizwa. Ni sheria nyepesi kuliko ya kwanza, lakini inafuatwa.

3. Mtego wa katikati ya mwaka

Sasa tuje nyumbani. Mashindano makubwa ya wanafunzi wa sekondari ni UMISSETA. Yanaanzia chini: shule, kata, wilaya, mkoa, halafu taifa. Mara nyingi yanafikia kilele katikati ya mwaka, yaani karibu kabisa na ile tarehe 1 Julai. Umeona mtego ulipo?

Refa wa shule anaweza kujikuta ana sheria mbili kichwani: ya mwaka unaoisha na ya mwaka unaoanza. Watoto nao wameangalia mechi kwenye televisheni au kwenye simu, wanakuja na walichokiona huko. Kocha wa timu moja anasema sheria imeshabadilika, wa timu ya pili anasema bado. Na refa mwenyewe huenda ni mwalimu wa michezo wa shule ya jirani.

Kuna makosa mawili hapa. La kwanza ni kuchelewa: sheria imeanza, wewe bado unachezesha ya zamani. La pili watu hawalisemi sana, nalo ni kuwahi: umesikia kwamba bodi imepitisha jambo, basi Jumamosi hiyohiyo unalitumia uwanjani, wakati hakuna aliyeambiwa. Refa wa namna hii anajiona wa kisasa, kumbe anawaonea watoto.

IFAB yenyewe imeliona tatizo hili. Mashindano yanayoanza kabla ya 1 Julai yanaweza kuzitumia sheria mpya mapema, au yakasubiri hadi msimu wao unaofuata. Ila anayeamua ni mwenye mashindano. Refa haamui mwenyewe akiwa katikati ya uwanja na filimbi mdomoni. Kazi yake ni kuuliza mapema, kupata jibu moja, na kuziambia timu zote mbili jibu hilohilo kabla mpira haujaanza.

Ukidhani ni jambo dogo, fikiria kipa wa kidato cha nne. Mechi ya wilaya, dakika za lala salama, timu yake inaongoza bao moja. Anadaka mpira, anaukumbatia, anavuta muda kama alivyozoea. Refa asiyesoma anatoa faulo ndani ya eneo la hatari, badala ya kona. Goli. Kisha penati, na timu inatolewa. Uamuzi wa refa juu ya matukio ya mchezo ni wa mwisho, na mtoto yule hana mwaka mwingine wa kucheza. Novemba ana mtihani wa taifa, halafu shule imekwisha. Wale ambao wangechaguliwa kuingia timu ya mkoa wanarudi nyumbani. Chanzo chake ni ukurasa mmoja ambao mtu mzima hakuusoma.

Yesu alifundisha kwamba aliye mwaminifu katika dogo ndiye atakayekuwa mwaminifu katika kubwa. Ukurasa ule ulikuwa ni lile dogo.

4. Ni nini kisichobadilika?

Mtu anaweza kuuliza: kama sheria zinabadilika kila mwaka, si ina maana hazina maana? Leo kosa, kesho si kosa?

Angalia vizuri ile mifano mitatu. Mpira wa kurudishwa, goli kiki, sekunde nane: yote yanalinda kitu kilekile. Mchezo uchezwe, usiuawe kwa ujanja. Pande zote mbili zipate haki sawa. Sheria ya 5 inamtaka refa aamue kwa kufuata sheria na pia roho ya mchezo. Herufi zinarekebishwa ili roho isipotee.

Sisi Wakatoliki tunaujua mwendo huu. Waulize bibi zetu kuhusu kufunga kabla ya Komunyo. Zamani mtu alifunga tangu saa sita usiku. Mwaka 1957 Papa Pius XII akaweka muda wa saa tatu kwa chakula. Mwaka 1964 Papa Paulo VI akapunguza ikawa muda wa saa moja kabla ya kupokea, na ndivyo ilivyo mpaka leo. Maji na dawa havikatazwi. Je, Ekaristi ilibadilika? Hata kidogo. Ni Yesu yuleyule. Kilichobadilika ni kanuni ya kumwandalia nafasi, ili mgonjwa, mfanyakazi wa zamu ya usiku na aliyetembea mbali waweze kumpokea. Na lile suala la Sabato katika Injili ya Marko linatukumbusha jambo hilohilo: kanuni iliwekwa kwa ajili ya uzima wa mtu.

Lakini tahadhari! Hilo halimpi kila mtu ruhusa ya kujibadilishia. Bibi hakuamua mwenyewe kwamba saa moja inatosha. Alisubiri Kanisa liseme, na liliposema hakung'ang'ania ya zamani ili aonekane mtakatifu kuliko wenzake. Kusubiri na kupokea, vyote viwili vinahitaji unyenyekevu.

5. Na wewe je?

Huenda hutakuja kushika filimbi maishani. Lakini wewe ni kiongozi wa TYCS shuleni, au uko VIWAWA parokiani, au mwalimu wa kwaya, au mwekahazina wa jumuiya. Kila mahali pana kanuni, na kila mahali zinabadilika. Basi chukua haya manne:

Soma mwenyewe. Usiishi kwa "nimesikia". Sheria za soka zinapatikana bure kwenye tovuti ya IFAB; katiba ya kikundi chenu iko kwa katibu. Kaiombe.

Uliza kabla ya siku. Swali linaloulizwa Jumatano ni busara. Likiulizwa Jumamosi uwanjani linakuwa ugomvi.

Waambie wote kwa pamoja. Ukimwambia rafiki yako kanuni mpya na kumficha mwingine, hata kama kanuni ni nzuri, umeshaipindisha.

Mheshimu anayesimamia. Katika miongozo ya sasa, mashindano yanaweza kuagiza kwamba nahodha pekee ndiye amfuate refa kuzungumza naye. Hata pale ambapo agizo hilo halijawekwa, jizoeze. Kundi la watu kumi na moja likimzunguka mtu mmoja, hakuna haki itakayotoka hapo.

Wale wanawali watano wenye busara hawakujua saa ya bwana arusi. Walichojua ni kwamba anakuja, na mafuta waliyabeba mapema. Refa mzuri ni hivyohivyo: hajui mwakani bodi itabadilisha nini, lakini mwezi wa tatu ukifika anatafuta taarifa.

Maswali ya kujadili kwenye kikundi

1. Ni kanuni gani unayoidai kwa wengine ambayo wewe mwenyewe hujawahi kuisoma?
2. Kati ya kuchelewa na kuwahi, wewe unaangukia wapi zaidi?
3. Je, kuna mtu anayeumia kwa sababu hukumpa taarifa mapema? Utamwambia lini?

Kazi ya wiki: tafuta kanuni moja ya shule au ya kikundi chenu iliyobadilika karibuni. Isome, kisha mweleze mwenzako mmoja ambaye haijui.

Tusali

Ee Bwana Yesu, utujalie moyo wa kujifunza usiochoka. Utuepushe na kiburi cha kusema tunajua, na haraka ya kuamua kabla ya wakati. Uwabariki waamuzi, walimu na wanamichezo wa shule zetu, ili kila mtoto aingiaye uwanjani apate haki. Amina.

Tukutane somo lijalo. Tumsifu Yesu Kristo!