Kifaa cha Tano Kitaingia Wapi?

Mwaka huu somo langu si ngeli wala ushairi, bali ni tarakilishi, ile kuukuu iliyomo katika chumba cha chama chetu. Ndani yake mlikuwa na diski mbili, kisoma-sidii na kiandika-sidii. Muhula wa kwanza nilileta diski nyingine, yenye mashairi ya wanachama waliotutangulia. Nikatafuta pa kuichomeka, wapi! Nikadhani mashine imezeeka tu.

La hasha. Tarakilishi za mfumo wa IDE kama hiyo zina njia mbili, na kila njia ni utepe mmoja wa nyaya unaobeba vifaa viwili: kimoja huitwa bwana, kingine mtumwa. (Majina hayo hayanipendezi, lakini ndivyo yalivyoandikwa.) Mbili mara mbili ni nne. Mbona viwili tu kwa utepe? Mashine ikitaka kusema na kifaa hukitaja kwa biti moja, nayo biti moja ni sifuri au moja, basi. Cha tatu kingeitwaje? Ni kama rejista ya darasa yenye nafasi ya majina mawili: hata ukipata dawati, hutaitwa.

Mwenzangu mmoja, ati mjanja, akachomoa kisoma-sidii na kuweka diski yetu huku kibanio chake kidogo kikiwa bado mahali pa "bwana". Mabwana wawili utepe mmoja! Tarakilishi haikuona hata mmoja. Jasho lilitutoka, maana mashairi yale hayakuwa na nakala popote. Tulipokihamisha kibanio hadi "mtumwa", diski zote mbili zikaonekana, nasi tukanakili mbio mbio.

Mifumo mingine ina hesabu yake. SCSI ya kwanza ilikuwa na anwani 8, moja ikichukuliwa na kidhibiti, zikabaki 7. USB hutumia biti 7, yaani anwani 128, lakini sifuri huwekewa kifaa kigeni ambacho hakijapewa namba, kwa hivyo mwisho ni vifaa 127. SATA, ya mwaka 2003, iliipa kila diski waya wake. Hapo unahesabu matundu tu.

Windows nayo huziita diski kwa herufi, A hadi Z, yaani 26, A na B zikiwa za disketi tangu zamani. Herufi zikiisha, diski yaweza kufunguliwa ndani ya folda bila herufi yoyote.

Mashairi yetu sasa yana nakala mbili, na kisoma-sidii kimerudi mahali pake.