Ukienda Ukata, Usikanyage Ngoro

Wanachuo wenzangu, safari zetu nyingi za wikiendi huku Ruvuma zinaishia Mbamba Bay: tunaogelea Ziwa Nyasa, tunapiga picha, tunarudi. Milima ya Umatengo tunaipitia dirishani tu. Mimi naona tunaruka somo zima.

Shuka Mbinga, panda milima kwa miguu kuelekea Ukata, utazame ngoro: mashimo yaliyopangana mtelemkoni kama sega la nyuki. Wamatengo walibanwa kwenye miinuko hii karne ya 19, wakiwakwepa Wangoni. Ardhi finyu, mteremko mkali. Ukilima kienyeji, mvua inakomba udongo wote.

Basi wanafyeka nyasi, zikikauka wanazipanga kwa mistari inayokatizana. Udongo unachimbwa katikati ya kila mraba na kufunika zile nyasi. Nyasi zikioza, tuta linapata mbolea. Shimo nalo linadaka maji na udongo unaoteremka. Maharage yanatangulia, mahindi yanafuata msimu mwingine. Kwa desturi wanaume hufyeka na kupanga nyasi, wanawake huchimba kwa jembe la mkono (aliyegawa kazi hizi sijui alikuwa nani!).

Sasa, tuta moja likibomoka, maji ya shimo lile yanaangukia la chini yake, nalo linazidiwa, hivyo hivyo hadi bondeni. Kundi la watu thelathini likikatiza shambani kutafuta picha, hasara anaibeba mkulima. Piteni njia ya miguu. Mkimkuta mama analima, shikamoo kwanza, simu baadaye, halafu mwulizeni kwa nini maharage yanatangulia mahindi.