Muhogo Umeoza, na Sisi Tunasema Hakuna Kazi



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, Kakonko. Jioni moja, tukitoka Jumuiya, mama mmoja jirani akaniita: "Frateri, hebu njoo uone kitu." Akanipeleka shambani nyuma ya nyumba yake. Muhogo ulikuwa umesimama vizuri kabisa, majani mengi, shina nene. Akang'oa shina moja, akapasua mzizi kwa panga. Ndani ulikuwa kahawia na mkavu, kama ubao uliooza. Mwaka mzima wa kupalilia umeishia hapo. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama si mkono wa mtu. Nikamwambia, hapana mama, huu ni ugonjwa, unaitwa michirizi ya kahawia.

Kesho yake nikasimulia kijiweni. Jamaa mmoja akacheka: "Sasa hiyo nayo habari? Muhogo wa kila mtu umeoza." Tukahamia mada nyingine, ile ya siku zote, kwamba huku kwetu hakuna kazi. Nimerudi seminarini na sentensi hizo mbili kichwani. Zilisemwa na watu walewale, ndani ya dakika kumi, na hakuna aliyeziweka pamoja. Mimi pia sikuziweka.

Walio Viwawa wanaijua njia ya Tazama, Amua, Tenda. Ilienezwa na Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji, aliyeanzisha chama cha vijana wafanyakazi mwaka 1925, na Papa Yohane XXIII akaiingiza katika waraka wa Mater et Magistra mwaka 1961. Tatizo letu ni kwamba tumeigeuza kuwa utaratibu wa kuendesha kikao. Cardijn, ambaye baba yake alikuwa mchapakazi wa kawaida, alitaka kijana aanze na kinachomuumiza yeye na jirani yake, pale anapofanya kazi. Kwetu Kakonko, basi, tuanze na muhogo.

Kutazama si kushangaa tu. Ni kuuliza mpaka ufike chini. Michirizi ya kahawia ilielezwa na wataalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1936, huko Amani, Tanga, kwa hiyo si jambo la jana. Inasambazwa na inzi weupe, lakini inasambazwa sana na sisi wenyewe, tunapokata pingili kwa jirani na kwenda kupanda. Shina linaweza kuonekana zima huku ndani limebeba ugonjwa. Yule mama alipewa mbegu kwa upendo, na upendo huohuo ndio ulioingiza ugonjwa shambani kwake. Ukishaelewa hapo, unaona kwamba ardhi anayo na nguvu anazo. Anachokosa ni mbegu safi, na mtu wa karibu wa kumuuzia.

Hebu tupige hesabu kidogo. Ukipanda kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja, ekari moja inataka pingili kama 4,000. Mmea mmoja uliotunzwa vizuri kwa mwaka unaweza kukupa pingili kama 10. Kwa hiyo kijana mwenye robo ekari, yaani mimea 1,000, anaweza kupata pingili 10,000, zinazotosha kupanda ekari mbili na nusu za majirani. Na mizizi inabaki yake, ale au auze. Sijasema ni utajiri. Nimesema ni kazi, na iko umbali wa kutembea kwa miguu.

Lakini usikimbilie kukata mashina ya shambani kwa babu na kuyaita mbegu bora. Mbegu ya kuuza ina sheria zake: inakaguliwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kudhibiti ubora wa mbegu, na kuna daraja la mbegu ya kuazimiwa ubora ambalo limewekwa kwa ajili ya wazalishaji wadogo vijijini. Anza kwa afisa ugani wa kata yako, akuelekeze aina inayovumilia ugonjwa na mahali pa kupata mbegu ya kuanzia. Shamba likae mbali na muhogo mgonjwa, ulipitie mara kwa mara, na mmea wenye dalili ung'olewe hata kama roho inauma. Wa mtaji, kikundi cha vijana kinaweza kuomba mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ambayo 4 kati yake ni za vijana. Foleni ipo na makaratasi yapo, lakini mlango upo.

Sasa tuje kwenye kuamua. Hapa ndipo mahubiri mengi ya ujasiriamali yanaporuka haraka. Wanasema "kila tatizo ni fursa" na watu wanapiga makofi. Ngoja nikiri jambo. Kabla sijaanza falsafa, mimi na rafiki yangu tulisikia kwamba mvua imeharibu njia na magari hayafiki. Tukakimbia dukani, tukanunua sukari mifuko miwili, tukaiuza kwa vipimo na bei tukaipandisha kadiri watu walivyobanwa. Siku ile nilijiona mjanja. Lakini hatukuleta hata kijiko kimoja cha sukari pale kijijini. Ilikuwepo tayari. Tulichouza ni shida ya watu.

Miaka baadaye nikakutana na Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa, anapozungumzia kuuza na kununua. Anasema, kwa maneno yangu, kwamba muuzaji asipandishe bei kwa sababu tu mnunuzi ana uhitaji mkubwa, maana uhitaji ule si mali ya muuzaji. Nilifunga kitabu kidogo. Ile sukari ilinirudia.

Kwa hiyo mimi najipima kwa swali hili: tatizo likiisha kabisa, nitafurahi au nitasikitika? Wengi wetu Kakonko tumeshapitia mtihani huo bila kuuita mtihani. Kambi ya Mtendeli ilipofungwa mwishoni mwa 2021 na wakimbizi waliobaki kuhamishiwa Nduta, Kibondo, waliokuwa wakiuza nyanya na kubeba abiria wa bodaboda kule waliona hela imekatika. Kumuuzia mkimbizi nyanya kwa bei ya haki si dhambi hata kidogo. Ila tuliijenga riziki juu ya watu kukaa mbali na kwao, na wengi hatukujiuliza tutafanya nini siku wakiondoka. Sina hakika kama mimi ningejiuliza.

Mbegu safi inajibu swali lile tofauti. Muhogo wa mama ukipona, atakuja tena kuongeza eneo, na atamleta dada yake.

Kutenda, anzeni na daftari. Wiki nne, kila mwanakikundi aandike matangazo ya baada ya Misa, maneno ya Jumuiya, ya zahanati, ya gulioni. Karibu na kila habari aandike nani anaumia na anakosa nini hasa. Msijadili biashara kabla ya wiki hizo kuisha.

Maswali ya kujadili kwenye kikundi:

Ni habari gani kijijini kwenu imezoeleka mpaka hakuna anayeiita habari tena?

Thoma anatoa mfano wa mfanyabiashara aliyefikisha nafaka penye njaa, akijua wengine wako njiani na shehena. Akinyamaza na kuuza kwa bei iliyopo, Thoma anasema hatendi udhalimu, ila angesema au angepunguza bei, wema wake ungekuwa mkubwa zaidi. Sasa wewe una pingili zako tayari, na umesikia ofisini kwa mtendaji kwamba mwezi ujao mradi utagawa mbegu bure. Leo asubuhi yule mama amefika kwako, hela amefunga kwenye ncha ya kanga. Utamwambia nini?