Neno "Renege": Mwenye Nayo na Asiye Nayo

Jumapili nilitaja neno la Kiingereza, "renege", na vijana wakaniuliza maana yake.

Ni kuahidi halafu kurudi nyuma. Mara nyingi hufuatwa na "on": utasema "renege on a promise". Mzizi wake ni Kilatini, negare, yaani kukana. Huko huko ndiko lilikotoka "renegade", mtu aliyeasi imani yake. Mkumbukeni Petro. Aliahidi hatamkana Bwana hata ikibidi kufa, na kabla ya jogoo kuwika alikuwa ameshakana mara tatu. Kuvunja ahadi na kukana, Kilatini kinavifanya ndugu wa tumbo moja.

Wacheza karata nao wanalo neno hili (mimi sichezi, msianze maneno). Kuna michezo ambayo mwenzako akianza na kopa, zile nyekundu za moyo, na wewe unayo kopa, lazima utoe kopa. Ukiificha ukatoa nyingine, ume-renege. Lakini kama kopa huna kabisa, hujavunja sheria yoyote. Unatoa uliyo nayo.

Hapo nataka tukae kidogo. Kuna ndugu waliojaza kadi ya elfu kumi kwenye harambee ya mabati, kisha kazi ikaisha. Siku hizi Jumapili wanabaki nyumbani, na wakimwona mweka hazina njiani wanavuka barabara. Mpendwa, wewe huna kopa. Njoo tu useme. Mithali 3:27-28 inamkataza mtu kumwambia jirani aende arudi kesho, ilhali kitu anacho. Uzito wote uko hapo, kwenye kuwa nacho. Wa kutetemeka ni yule ambaye pesa ziko kwenye simu na bado fundi anaambiwa "kesho".

Wengine watasema, "Niliahidi kabla sijajua mambo yote." Hata Yoshua hakujua. Wagibeoni walimjia na mikate ya koga na viatu vya viraka, wakamdanganya (Yoshua 9), na bado Israeli wakashika kiapo. Sauli alipokuja kukivunja, nchi ilipata njaa miaka 3 wakati wa Daudi (2 Samweli 21).

Kadi za ahadi ziko kwa wazee. Ukitaka kupunguza kiasi au kusogeza tarehe, waone baada ya maombi ya Jumatano. Haitatangazwa madhabahuni.